Vidonge vya majira: ukisahau kumeza

Leo tuko na vidonge vya majira, vile vya kuzuia mimba vyenye homoni mbili. Umesahau kimoja? Si ajabu, wengi husahau. Kimeze mara ukumbukapo, hata kama siku hiyo utameza viwili. Ukisahau viwili mfululizo au zaidi, meza kimoja sasa, endelea kila siku, na tumia kondomu mpaka utimize siku 7 bila kuruka.

Usiazime vya jirani: mwenye shinikizo la damu, mvutaji sigara aliyefikisha miaka 35, au anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6 hushauriwa njia nyingine. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, nayo hupunguza nguvu ya vidonge. Unapotumia vidonge hivi, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana ghafla, wahi hospitali.