Je, Bitcoin Yaweza Kuibwa?
Bitcoin haishikiki. Ni maandishi tu katika daftari la pamoja linalotunzwa na maelfu ya kompyuta, na anayeitawala ni yule mwenye ufunguo wa siri, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Mwizi akiupata ufunguo huo, huihamisha kwa dakika chache, na hakuna karani wa benki wa kuombwa airudishe.

Sheria ya Uingereza ilikwama hapa. Mwaka 1885, katika kesi ya Colonial Bank dhidi ya Whinney, Jaji Fry alisema mali isiyo ardhi ni ya aina mbili tu: kitu kinachoshikika, kama ng'ombe au saa, au haki ya kumdai mtu, kama deni. Bitcoin haishikiki, wala haina mdaiwa.

Desemba 2019 Mahakama Kuu mjini London ililetewa kesi ya kampuni ya bima ya Canada iliyofungiwa kompyuta zake na wadukuzi. Ilikombolewa kwa Bitcoin 109.25, na 96 kati ya hizo zikafuatiliwa hadi kwenye soko la Bitfinex. Jaji Bryan alizitambua kuwa ni mali, akaamuru zizuiwe. Ulikuwa uamuzi wa haki, kwani hasara ya aliyenyang'anywa ni hasara ya kweli.

Mwaka 2025 Bunge lilitunga sheria: kitu hakinyimwi hadhi ya mali kwa sababu tu hakimo katika makundi yale mawili. Kwa upande wa jinai, Sheria ya Wizi ya mwaka 1968 ilikwisha kutaja mali isiyoshikika.