KUSIMAMIA: MAANA YAKE KWA MKRISTU

Wasikilizaji wapendwa, ninyi mkaao Kisangani mjini, nanyi mlio katika vijiji vya kando ya mto na vya ndani ya msitu, leo tutalitazama neno moja tu, ambalo twalitumia kila siku: neno KUSIMAMIA. Twasema, fulani asimamia kazi ya barabara. Fulani asimamia shamba la mpunga. Fulani amemsimamia mtoto katika Ubatizo. Je, ni jambo moja au ni mambo matatu?

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Mzizi wake ni kusimama. Katika lugha yetu ya Kiswahili, tukiongeza sauti ndogo mwishoni mwa kitendo, twaonyesha kwamba kitendo hicho chafanywa kwa ajili ya mtu au kitu fulani. Mtu alia, lakini akimlilia mtu, machozi yake yana mwenyewe. Mtu aomba, lakini akimwombea mwenzake, sala yake yaenda kumfaa mwenzake. Vivyo hivyo mtu asimama. Lakini akisimamia, amesimama kwa ajili ya mwingine. Basi mlango wa kulifahamu neno hili ni huu: asimamiaye hakai kitako, wala hasimami kwa ajili yake mwenyewe.

Watazameni Wagenia, wavuvi wa maporomoko yetu ya Boyoma. Huikaza miti mikubwa katika miamba, huifunga kwa kamba za msitu, kisha huning'iniza vikapu vyao vikubwa mahali maji yapitapo kwa nguvu. Mtego ule hautoshi kuwekwa tu. Sharti mtu apande juu ya miti, maji yakinguruma chini yake, autazame, autengeneze, autoe samaki. Hakuna awezaye kuusimamia mtego ule hali amelala nyumbani kwake. Kusimamia ni kuwapo.

Lakini, ndugu zangu, najua ya kuwa katika nchi yetu neno hili halikusikika vema masikioni mwa wazee. Kiswahili kilifika hapa pamoja na misafara ya biashara iliyotoka pwani na Unguja, katika karne ya 19. Katika misafara ile alikuwapo mnyapara, mkubwa wa wapagazi. Na wengi waliotembea chini ya macho yake walikuwa watumwa. Baadaye, katika siku za Dola Huru ya Kongo, yaani toka mwaka 1885 hata 1908, mahali pengi akaja kapita, aliyetumwa vijijini kusimamia kazi ya mpira. Wengine katika makapita hao walishika bunduki, na kijiji kisicholeta kilo zilizotakiwa kiliadhibiwa. Kwa sababu hiyo watu wengi wamedhani ya kuwa kusimamia maana yake ni kusimama juu ya mgongo wa mwenzako.

Juu ya jambo hilo Mungu ametupa mwalimu mtu wa nchi yetu wenyewe, Mwenye Heri Isidori Bakanja. Alikuwa kijana wa kabila la Wamongo, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906, akavaa skapulari ya Bikira Maria. Alikwenda kufanya kazi katika kituo cha kampuni huko Ikili, na saa za mapumziko aliwafundisha wenzake sala. Mzungu aliyesimamia kituo kile aliichukia dini, akamwamuru aivue skapulari yake. Isidori hakuivua. Mwaka 1909 msimamizi yule akaamuru apigwe kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari, akapigwa zaidi ya mara mia, hata mgongo wake wote ukawa jeraha moja. Baadaye alikuja mkaguzi wa kampuni ile ile, akamkuta Isidori katika hali ile ya kusikitisha, akamchukua ili atunzwe. Lakini majeraha yalikuwa yameoza. Isidori alifariki tarehe 15 Agosti 1909, akiwa amemsamehe aliyemtesa na kuahidi kumwombea mbinguni. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Tazameni vema. Watu wawili walikuwa na mamlaka katika kampuni moja. Mmoja aliitumia kumwangusha aliye chini yake. Wa pili, alipomwona aliyeanguka, alimwinua. Wote wawili waliitwa wakubwa wa kazi. Lakini ni yupi aliyemsimamia Isidori? Jibu mnalo. Tena mwone Isidori mwenyewe: hakupewa cheo chochote, lakini aliisimamia imani yake hata kufa, na wenzake aliwasimamia katika sala.

Maandiko Matakatifu yatuonyesha mambo hayo hayo. Yosefu, mwana wa Yakobo, aliwekwa kuisimamia nyumba ya Potifari, naye hakugusa kisichokuwa chake. Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, awaagiza wazee wa Kanisa walichunge kundi la Mungu, si kwa kutamani fedha, wala si kwa kujifanya mabwana, bali wawe mfano. Hata jina askofu latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mwangalizi, yaani msimamizi. Na Mama yetu Maria, saa mitume wengi walipokimbia, alisimama penye msalaba wa Mwanaye. Hakuwa na uwezo wa kuitoa misumari, lakini hakuondoka.

Sasa nawageukia ninyi mnaoitwa wasimamizi wa Ubatizo. Sheria ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1983 yataka msimamizi awe Mkatoliki aliyepata Kipaimara na Ekaristi Takatifu, awe ametimiza miaka kumi na sita, aishi maisha yapatanayo na imani, wala asiwe baba au mama wa mtoto mwenyewe. Kazi yake ni kumsaidia mbatizwa aishi Kikristu. Lakini twaona nini vijijini? Mara nyingi msimamizi huchaguliwa kwa kuwa ana mali, au kwa kuwa atatoa nguo na kuku wa karamu. Siku ya Ubatizo husimama mbele ya Padre na mshumaa mkononi. Kesho yake mshumaa umezimwa, naye hamjui tena mtoto wake. Mtoto augua, hayupo. Mtoto aacha mafundisho, hayupo. Wazazi wafa, mtoto azurura sokoni, na msimamizi wake apita njia ile ile bila kumtazama.

Ndugu yangu, huyo umemsimamia saa moja tu. Wahenga husema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hatukuambii ufanye makubwa. Mwite jina lake la Ubatizo. Mwulize kama amesali. Siku ya Misa, au siku katekista aongozapo sala, pitia mlangoni kwao mwende pamoja. Akikosa, mwonye kwa upole, akionewa, mtetee. Kama u maskini usiye na kitu, simama karibu naye kama Maria alivyosimama.

Nanyi mliokabidhiwa kazi za watu, sanduku la fedha za kanisa, darasa la shule, au vibarua shambani, kumbukeni kwamba wahenga husema pia: mali bila daftari huisha bila habari. Andikeni, hesabuni, lipeni mshahara kwa siku yake. Bwana wetu atataka hesabu, wala hatauliza ni wangapi waliotuogopa.

MASWALI YA KUJIFUNZA

Swali: Kusimamia maana yake nini?
Jibu: Ni kusimama kwa ajili ya mtu au kazi tuliyokabidhiwa, kuitunza na kutokuiacha.

Swali: Msimamizi wa Ubatizo ana kazi gani?
Jibu: Kumsaidia mbatizwa aishi Kikristu, siku zote za maisha yake.

Swali: Mwenye Heri Isidori Bakanja atufundisha nini?
Jibu: Kuisimamia imani bila woga, na kuwasamehe wanaotutendea mabaya.

Tusali. Ee Bwana, umetukabidhi wenzetu. Utujalie tusiwakalie, tusiwakimbie, bali tuwasimamie kwa upendo. Mwenye Heri Isidori Bakanja, utuombee. Amina.

Tumsifu Yesu Kristu.