Jenerali Aliyewaachia Meza



Kila nafasi za jeshi zinapotangazwa, vijana wetu wa Uasin Gishu hurauka na vyeti mkononi, wakakimbizwe na kukaguliwa meno. Nawatakia heri. Ila ningependa wamjue mwanajeshi mmoja wa Iten, hapo juu tu: Luteni Jenerali Lazaro Sumbeiywo.

Alipanda ngazi, akasimamia ujasusi wa kijeshi, akawa Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu. Wengi wakifika hapo hungoja pensheni. Yeye, mwaka 2001, Rais Moi alimteua mjumbe maalumu wa amani ya Sudan. Vita vilivyoanza 1983 vilikadiriwa kuua watu wapatao milioni 2.

Tarehe 20 Julai 2002, mjini Machakos, serikali ya Khartoum na waasi wa Kusini walikubaliana kwamba baada ya kipindi cha mpito cha miaka 6, watu wa Kusini wapige kura wajiamulie. Wino haujakauka, waasi wa SPLA wakauteka mji wa Torit, na ujumbe wa Khartoum ukafunga virago. Ilibidi Sumbeiywo aanze tena kuwabembeleza. Mwaka uliofuata, Nakuru, wapatanishi wakaandaa rasimu ya mapatano. Khartoum ikaikataa kwa maneno makali.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Mtu aliyezoea kutoa amri zikatiiwa, kazi yake imetupwa mbele ya dunia nzima, na bado hakususa. Septemba 2003, John Garang, kiongozi wa waasi, na Ali Osman Taha wa serikali ya Khartoum wakaketi Naivasha uso kwa uso, na wapatanishi wakakaa kando. Jenerali aliwaachia meza wenye vita vyao. Miezi ikapita wakivutana: mafuta yagawanywe vipi, askari wa nani wakae wapi, eneo la mpakani la Abyei liwe la nani. Tarehe 9 Januari 2005, uwanjani Nyayo, Nairobi, wakatia saini mapatano ya amani.

Najua Sudan Kusini, huru tangu 9 Julai 2011, ilirudi vitani Desemba 2013. Wapo wanaosema basi ile kazi ilikuwa bure. Siwaungi mkono. Vita vile vya miaka zaidi ya 20 vilikoma, na kura ya kujiamulia ilipigwa. Tena Mei 2024, Kenya ilipofungua jijini Nairobi mazungumzo ya amani ya Sudan Kusini yaitwayo Tumaini, aliyepewa kuyaongoza ni mzee huyu huyu.

Lakini linaloniuma liko hapa kwetu. Tarehe 1 Januari 2008, miaka 3 kasoro siku chache baada ya sherehe za Nyayo, katika ghasia za baada ya uchaguzi, kanisa la Kiambaa lilichomwa watu wakiwa ndani, wengi wao kina mama na watoto. Majirani walikuwa na hofu za muda mrefu kuhusu mashamba na kura, na hakuna aliyewaketisha mapema wakazitamka ana kwa ana. Mapatano ya nchi yakaja baadaye, jijini Nairobi, wafu wakiwa wamekwisha kuhesabiwa.

Machifu wetu, wazee wa vijiji, wachungaji, na ninyi wa Nyumba Kumi: uchaguzi ni Agosti 2027. Waketisheni watu sasa, Wakalenjin na Wakikuyu na wengine wote, pande zote za barabara. Hofu zitajwe, vijana wakiwemo na kina mama wakiwemo. Kisha mkae kando muwaache waongee.