Helikopta na Nondo: Filamu ya Tetemeko Inamwandaa Nani?

Filamu ya San Andreas ilipotoka mwaka 2015, wataalamu wa matetemeko waliichambua na kuianika. Ufa wa San Andreas huko California hauwezi kuzaa tetemeko la ukubwa wa 9.6, hauwezi kuacha korongo wazi, maana pande zake husuguana zikipishana ubavu kwa ubavu, wala hakuna mtambo unaotabiri siku na saa ya tetemeko. Hayo mnayajua, sitayarudia. Ninayoipinga leo ni hoja ya watetezi wake: kwamba makosa hayo yasamehewe, kwa kuwa filamu humtia mtazamaji hofu, na mwenye hofu hujiandaa. Hoja hiyo inapendwa sana, lakini haina mashiko.

Tuitazame filamu yenyewe. Shujaa, anayeigizwa na Dwayne Johnson, ni rubani wa helikopta wa kikosi cha zimamoto cha Los Angeles. Ardhi inapotikisika, anaigeuza helikopta ya umma akamwokoe mkewe juu ya ghorofa, kisha wanamfuata binti yao San Francisco. Ukumbi unashangilia, na somo linaloingia kichwani ni kwamba wokovu hushuka kutoka angani kwa mwenye jamaa rubani. Kobe, Japani, tetemeko lilipopiga Januari 1995, mambo yalikwenda vingine. Wengi wa waliotolewa hai chini ya kifusi waliokolewa na ndugu na majirani, kwa mikono yao na vifaa vilivyokuwa karibu. Aliyezoeshwa kungoja helikopta hatamkumbuka jirani, wala hatakuwa na mtaimbo nyumbani.

Filamu hii pia huabudu namba: kadiri ukubwa unavyopanda, ndivyo maafa yanavyozidi. Januari 2010 Haiti ilipigwa na tetemeko la 7.0, na zaidi ya watu 100,000 wakafa. Mwezi uliofuata Chile ikapata la 8.8, lililoachia nishati karibu mara 500 ya lile la Haiti; waliokufa walikuwa takriban 500. Mtanijibu kwamba kitovu cha Haiti kilikuwa karibu na Port-au-Prince, na cha Chile kilikuwa baharini. Ni kweli, na umbali una uzito wake. Chile pia ina fedha zaidi. Hata hivyo, Chile ilikwisha kuonja tetemeko la 9.5 mwaka 1960, ikaweka kanuni za ujenzi na kuzisimamia. Port-au-Prince zege lilimwagwa juu ya nondo haba, bila mkaguzi. Umbali hupunguza mtikisiko. Haumfungi fundi mkono anapopunja nondo.

Anayetaka hofu yenye manufaa asome simulizi ya ShakeOut, iliyoandaliwa mwaka 2008 na wanasayansi wa Marekani wakiongozwa na Lucy Jones. Humo hamna shujaa. Mna tetemeko la kubuni la 7.8 kusini mwa California, vifo vipatavyo 1,800 na mioto ipatayo 1,600. Kinachonivutia zaidi ni mabomba: wameyafuata hadi yanapovuka ufa, wakaonyesha yatakavyokatika na kuwaacha wazimamoto na mipira mikavu. San Francisco iliyaona hayo mwaka 1906, mabomba yalipopasuka na mji ukawaka siku tatu. Simulizi hiyo ndiyo iliyozaa zoezi la umma: inama, jifunike chini ya meza, shikilia. Haki itendeke: hata katika filamu profesa anawaamuru watu waingie chini ya meza. Amri hiyo huchukua sekunde chache, kisha helikopta inarudi.

Kwetu Tanzania, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la 5.9 liliitikisa Kagera. Watu wasiopungua 17 walikufa, nyumba nyingi zikabomoka, na majengo ya shule ya Ihungo yakaharibika vibaya. Namba hiyo isingemtosha mtunga filamu hata kidogo, lakini iliwatosha wenye kuta dhaifu. Basi tazameni filamu mjifurahishe; ila kabla ya kumwaga zege, mwiteni mkaguzi ahesabu nondo. Na halmashauri zetu zihakikishe mkaguzi huyo yupo.