Maziwa ya kalanga: yanamfaa nani, na nani asipewe

Maneno ya kamati ya wamama mbele ya mkutano wa wanachama na wageni, Baraka



Tumepewa dakika chache tuseme juu ya maziwa ya kalanga. Tuko na mambo matatu: namna ya kuyatengeneza, namna ya kuchagua kalanga, na nani asipewe. Hilo la tatu njo lilitufanya tuombe nafasi ya kusema leo. Tumesikia kwamba kuna nyumba ambazo mtoto wa miezi miwili au mitatu ameanza kupewa haya maziwa, mama akiwa shambani. Ndiyo maana hatutaki kufundisha kupika tu, halafu tunyamaze.

Kwanza, juu ya nini tunahangaika na kalanga? Wengi wetu tumekaa Nyarugusu, wengine Lugufu. Kule kulikuwa na posho: unga, maharagwe, mafuta, na ule unga wa CSB wa mahindi na soja kwa watoto na wamama wenye mimba. Watu walipoanza kurudi kwa boti kutoka Kigoma, mwaka 2005, posho ile ilibaki ng'ambo ya ziwa. Hapa Fizi, Tanganyika inatupa ndagala na mikeke. Shamba linatupa muhogo, mahindi na kalanga. Ng'ombe wako kule kwenye milima ya juu, na maziwa yanashuka siku njia iko salama tu. Ya unga yako dukani, lakini yanauzwa kwa kijiko, na kijiko kimoja ndani ya kikombe cha maji ni rangi tu, haiko chakula. Mtoto anayekula muhogo asubuhi na jioni bila kitu cha kujenga mwili, munajua mwisho wake: miguu inavimba, nywele zinabadilika rangi. Njo ile bwaki tunayoiogopa sisi wote. Na kalanga iko ndani ya nyumba.

Sasa tutengeneze.

Muchukue kikombe kimoja cha kalanga mbichi zilizokauka vizuri, kama gramu 150. Muziloweke usiku mzima ndani ya maji safi. Asubuhi mumwage yale maji, muzisugue kwa mikono mpaka maganda membamba yatoke, muzisuuze. Mwenye haraka anaweza kuzikaanga kidogo bila mafuta, zisiungue, halafu azipepete. Maziwa yatakuwa na harufu nzuri zaidi. Muzitwange ndani ya kinu, au muzisage juu ya jiwe, mpaka zikuwe laini kabisa. Mashine haina lazima. Muongeze maji yaliyokwisha kuchemshwa, vikombe vinne, kidogo kidogo huku munakoroga. Mupitishe ndani ya kitambaa cheupe kilichofuliwa na kuchemshwa, mukamue kwa nguvu.

Hapa wengi wanasimama, wanakunywa. Hapana. Yale maji meupe yanarudi juu ya mbabula, yanachemka dakika 10 huku munakoroga, sababu yanapenda kushika chini na kupanda juu kwa povu. Muweke chumvi kidogo, na mwenye sukari aongeze sukari. Yakipoa, mafuta yanapanda juu. Hayajaharibika, mukoroge tu. Makapi yaliyobaki ndani ya kitambaa musiyatupe: muyaweke ndani ya sombe au ndani ya uji. Chakula kingi bado kiko mle.

Wenye soja wafanye vilevile, na tofauti mbili. Soja inaloweka saa nane mpaka kumi na mbili, na inatwangwa kwa maji ya moto sana, sababu ikipondwa kwa maji ya baridi inatoa ile harufu ya maharagwe mabichi inayokimbiza watoto. Halafu inachemka dakika 20 nzima. Soja mbichi iko na kitu kinachozuia tumbo kusaga chakula, na moto njo unakiua. Tena povu la soja linadanganya: linapanda kabla maziwa hayajachemka. Muhesabu dakika baada ya povu kushuka na maziwa kuchemka kweli.

Vikombe vinne vya maji kwa kikombe kimoja cha kalanga: tunawaomba mushike hesabu hiyo. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe iko na gramu 32 hivi za protini. Kikombe chetu cha kalanga kiko na kama gramu 38, na sehemu inabaki ndani ya makapi. Kwa hiyo lita moja ya maziwa yetu haiachwi mbali na ile ya ng'ombe kwa jambo hilo. Lakini ukitoa lita tatu kutoka kikombe kilekile, umegawanya nguvu mara tatu. Anayeuza hivyo anauza maji yaliyopakwa rangi, na anayeumia ni mtoto wa jirani.

Tuseme pia pale ambapo kalanga inashindwa na ng'ombe. Maziwa ya ng'ombe yako na madini ya mifupa, kalsiamu; ya kalanga yako nayo kidogo sana. Tena kuna vitamini B12, ambayo mmea hauna. Dawa yake tuko nayo hapa ziwani: ndagala, wanaoliwa wazima na mifupa yao. Mtoto akinywa maziwa ya kalanga na akala ndagala, hapo amekula. Na kuna watu ambao kalanga inawasaidia kupita ng'ombe: wale wazee na vijana ambao kila wakinywa maziwa ya ng'ombe tumbo linajaa hewa na linaendesha. Sukari ile inayowasumbua haimo ndani ya kalanga.

Jambo la pili ni kuchagua. Mwaka 1960, kule Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa ndani ya miezi michache. Walitafuta ugonjwa, wakakuta ni chakula: mashudu ya kalanga yaliyoota ukungu. Ndivyo dunia ilivyoijua sumu inayoitwa aflatoksini. Sumu hii inakula ini. Mwaka 2004, Kenya ya mashariki, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyohiyo. Haina ladha, haina harufu, na moto wa jikoni hauiondoi. Kuchemsha dakika 10 kunaua vijidudu vya maji na vya mikono, aflatoksini inabaki.

Kwa hiyo kazi yote iko kabla ya kinu. Kalanga yenye ukungu, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na wadudu, inatoka. Tunajua ni uchungu kutupa chakula. Na tunajua desturi ya soko: kalanga nzuri zinauzwa kavu, mbaya zinatwangwa, sababu zikitwangwa hakuna anayeziona. Desturi hiyo inatuua polepole. Musiwape kuku pia. Ini la kuku linaumia sawasawa. Mufukie.

Na muanze shambani. Kalanga zikauke juu ya shitingi, si juu ya udongo, mpaka ukitikisa ganda usikie zinalia ndani. Zikae ndani ya maganda yao, juu ya mbao, mbali na ukuta. Na tuache ile tabia ya kunyunyizia maganda maji ili kubandua kuwe rahisi. Vidole vinapumzika siku moja, ukungu unafanya kazi miezi.

Jambo la tatu. Mutusikilize vizuri, hata wababa, sababu mara nyingi ni baba anayesema «mpeni mtoto kitu, analia».

Mtoto ambaye hajafikisha miezi 6 anapewa ziwa la mama tu. Maziwa ya kalanga hapana, ya soja hapana, uji hapana, hata maji hapana. Maziwa ya kalanga hayana vitu vyote ambavyo mtoto mchanga anahitaji. Atashiba, atanyamaza, na atakonda. Kuanzia miezi 6, mtoto aongezewe uji, na hapo maziwa ya kalanga yanaweza kuingia ndani ya uji mahali pa maji. Ziwa la mama linaendelea mpaka miaka 2 na kupita. Mama anayekwenda shambani aende na mtoto, au akamue ziwa lake ndani ya kikombe safi chenye kifuniko. Kama mama amefariki, au ziwa halitoki, tusitafute dawa kwa jirani: mtoto apelekwe kituo cha afya siku ileile, na chama kitasaidia usafiri.

Mara ya kwanza, mtoto aonjeshwe kidogo. Kuna watu, hata wakubwa, ambao mwili wao unakataa kalanga: midomo inavimba, ngozi inawasha, pumzi inabana. Huyo asipewe tena, na pumzi ikibana akimbizwe kwa muganga. Na maziwa yanapikwa ya kunywa leo. Hatuna friji, yaliyolala kwenye bido mpaka kesho ni sumu nyingine.

Kwa wale wanaotaka kuuza sokoni, kamati inaleta sharti tatu mbele ya mkutano huu: kipimo ni kimoja kwa vinne, kalanga zinachaguliwa mchana, wanachama wawili wakiangalia, na kila muuzaji anamuuliza mnunuzi kama ni ya mtoto, na wa miaka mingapi. Akisema ni mchanga, hauzi. Tunajua kukataa feza ya mtu ni kugumu, zaidi siku ambapo wewe mwenyewe hujala. Ndiyo sababu tunaomba liwe sharti la chama zima, asibaki mama mmoja peke yake anapoteza wateja.

Wageni wetu wafadhili, mulituuliza kama tunahitaji mashine za umeme. Umeme hatuna, na mashine ikikufa hakuna wa kuitengeneza. Tunaomba vitu vya bei ndogo: shitingi za kukaushia, magunia mapya, mbao za ghala, na mizani. Kalanga ikikauka vizuri, kinu kitamaliza kazi iliyobaki.

Nyuma pale kuna masafuria mawili, la kalanga na la soja. Yamepikwa asubuhi hii. Muonje, mulinganishe, halafu murudi hapa na maulizo, na tupige kura juu ya zile sharti tatu kabla jua halijashuka.