Mapele Ngozi katika Bonde la Kilombero: Kirusi Kinakojificha kati ya Mifugo na Wanyamapori

Mapele ngozi ni ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kirusi cha jamii ya ndui, ndugu wa karibu wa virusi vya ndui ya kondoo na ya mbuzi. Ulielezwa mara ya kwanza Zambia mwaka 1929, ukaonekana Kenya mwaka 1957, na mwaka 2019 ukafika Bangladesh, India na China. Binadamu haumpati. Ng'ombe aliyeshikwa vibaya hutambuliwa hata na mtoto wa machungani: homa, mitoki kuvimba, vimbe ngumu mwili mzima, maziwa kukauka. Kigumu ni kueleza ugonjwa unakokaa miaka ambayo hakuna anayeuona.

Bonde la Kilombero, kuanzia Ifakara hadi Mlimba, linaupa nafasi nzuri. Mvua na mafuriko huzalisha mbu na nzi wanaouma. Kiangazi majani mabichi hubaki kwenye uwanda wa mafuriko, na huko ng'ombe wa Wasukuma, Wabarabaig na Wamaasai hukaribiana na nyati na sheshe, swala ambaye bonde hili limekuwa miongoni mwa ngome zake kubwa barani Afrika. Nzi anayeuma hubeba kirusi mdomoni tu, kama sindano chafu, kwa hiyo hakifikishi mbali. Safari ndefu ni ya ng'ombe mwenyewe, akiswagwa au akipakiwa kwenye lori.

Wanyamapori hulaumiwa upesi, pengine kwa sababu hawana wa kuwasemea. Ni kweli kwamba nyati wa Kenya wamewahi kukutwa na kingamwili, na kwamba swala pala na twiga walioambukizwa kwa majaribio waliugua. Lakini kingamwili huonyesha tu kuwa mnyama alikutana na kirusi au ndugu yake. Hazionyeshi kwamba anakihifadhi. Nazo mara nyingi huwa chache na hufifia, hivyo jibu la "hakuna" halimtoi mnyama mashakani. Kwa ng'ombe aliyechanjwa tatizo ni kubwa zaidi: kipimo cha kingamwili hakitofautishi chanjo na maambukizi.

Katika majaribio, karibu nusu ya ng'ombe wanaoambukizwa hawatoi vimbe mwili mzima, ingawa damu yao inaweza kuwa na kirusi kwa muda. Hata hivyo, majaribio yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa wadudu huchota kirusi kwa nadra sana kutoka kwa ng'ombe asiye na vimbe. Wa kutiliwa shaka zaidi, basi, ni yule mwenye vimbe mbili tatu chini ya mkia au kwenye kiwele, ambazo hakuna aliyezipapasa. Kirusi huweza kudumu kwenye uvimbe huo na kwenye magamba yake makavu zaidi ya mwezi. Mwenye ng'ombe akihofia karantini, humpeleka mnadani mapema.

Ukaguzi wa macho kabla ya kutoa kibali cha kusafirisha mifugo humkosa ng'ombe wa namna hiyo. Kupapasa ngozi wakati wa kuogesha kwenye josho hugharimu dakika chache, na magamba au kipande cha uvimbe hutoa jibu la maabara lenye uhakika kuliko damu. Mzoga wa nyati au sheshe nao ukatwe kipande cha ngozi penye uvimbe kabla fisi hawajaufikia.