Kutafuta Makao Ugenini

Maneno yaliyosemwa na Karani mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kitale



Kamati imeniagiza niseme habari za makao: yaani jinsi mtu wa kwetu Bungoma, ajapo Kitale kwa kazi au kwa biashara, awezavyo kupata nyumba ya kupanga, na baadaye, Mungu akimjalia, kipande cha ardhi cha kujenga nyumba yake mwenyewe. Mimi ni mdogo mbele ya wengi walioketi hapa, wala sikuja kuwafundisha wazee. Lakini kazi ya karani ni kusoma karatasi za watu, na mara nyingi karatasi zina maneno ambayo wenyewe hawakuyasoma.

Neno langu ni moja tu. Kwetu nyumbani, kumbukumbu ya ardhi imo katika vichwa vya wazee. Hapa Kitale kumbukumbu hiyo haimo kichwani mwa mtu yeyote; imo ofisini. Basi mtu anunuaye ardhi ya Kitale kwa desturi ya nyumbani aweza kupoteza fedha yake yote, hata ikiwa muuzaji na mnunuzi wote walikuwa na nia njema.

Tuangalie sababu yake. Kule Bungoma mtu akitaka kuuza shamba, ukoo hukusanyika, liguru huitwa, mipaka hukanyagwa kwa miguu, na majirani hushuhudia. Kila mmoja ajua mti ule ulipandwa na nani, na kaburi lile ni la nani. Ni kweli kwamba huko nako mashamba yalipimwa na kuandikwa katika rejista, na sheria ni ile ile. Lakini rejista ikikosea, wapo wazee wa kuisahihisha.

Trans Nzoia ina historia nyingine. Kabla ya Wazungu, nchi hii ilitumiwa na Wasabaoti, Wasengwer na wengineo. Baada ya Vita Kuu ya kwanza Serikali ya kikoloni iliwagawia Wazungu mashamba makubwa hapa, wakiwamo askari waliotoka vitani, kwa mpango wa mwaka 1919. Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Watu wetu wengi walikuja kuwa vibarua. Walilima, walikamua ng'ombe, walizaa watoto katika mashamba hayo, bila haki ya kumiliki hata futi moja. Mlango haukufunguliwa kwa Mwafrika mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ndipo Serikali ilipoanza mipango ya kuwapa watu makao, na wengine wakachanga fedha katika vyama vya ushirika na makampuni ili wayanunue mashamba ya Wazungu kwa hisa. Shamba lililokuwa la bwana mmoja likawa la watu wengi, mmoja katoka Bungoma, mwingine Kakamega, mwingine Kisii, mwingine Kiambu. Kila mmoja alijua pale alipoonyeshwa yeye tu. Sasa wale walioonyeshwa wengi wamekufa, na watoto wao ndio wauzao. Ni mzee gani awezaye kusimama katika shamba la namna hiyo na kuapa juu ya mpaka wa mwenziwe?

Nianze na kupanga, kwa sababu ndipo aanzapo mgeni. Vijana wetu wengine huona haya kukaa katika nyumba ya kupanga miaka mitano. Hutaka waitwe wenye ploti kabla hawajaijua njia ya kwenda sokoni. Hakuna aibu katika kupanga. Mpangaji apata nafasi ya kuujua mji: maji yapatikana wapi, mtaa upi hufurika mvua zikinyesha, na jirani yupi ni mtu wa amani. Akae Matisi, akae Tuwani, akae Mitume, asikilize, kisha ndipo afikiri habari ya kununua.

Lakini apange kwa akili. Asimlipe wakala fedha kabla hajaiona nyumba na kumjua mwenyewe. Kila shilingi atoayo, ya kodi au ya amana, aandikiwe stakabadhi yenye tarehe na sahihi. Ukipanga mwezi kwa mwezi, sheria yataka notisi ya mwezi mmoja kwa pande zote mbili, isipokuwa mmeandikiana vingine. Tena iko sheria ya kuwalinda wapangaji wa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mpangaji wa nyumba hiyo ana baraza lake la kupeleka mashtaka akipandishiwa kodi au akifukuzwa bila haki. Mwenye nyumba adaiye kodi anayo njia ya sheria, kwa mkono wa dalali mwenye leseni. Kutia kufuli mlangoni na kung'oa mabati usiku si njia hiyo.

Sasa nasema habari ya kununua. Naomba mnivumilie, maana hapa ndipo fedha ya jasho inapopotea.

Kwanza, kabla ya kutoa hata shilingi ya chai, chukua namba ya shamba uende katika ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi. Karatasi utakayopewa itakuambia ni nani aliyeandikwa kuwa mwenyewe, ukubwa wa shamba ni kiasi gani, na kama limewekwa rehani benki au limezuiwa na mtu. Hati aliyoishika muuzaji mkononi yaweza kuwa ya zamani au ya uongo. Rejista ndiyo iaminiwayo.

Pili, tazama kama huyo aliyeandikwa yu hai. Mara nyingi jina ni la baba au babu aliyekwisha kufa, na wauzaji ni watoto. Watoto hao, hata wakiwa wakweli, hawana mamlaka ya kuuza mpaka mahakama iwape hati ya urithi na kuithibitisha. Anunuaye mapema amenunua kesi. Na mjane akitokea baadaye na wanawe, akasema hakuulizwa, msimwite mchawi wala mlafi. Sheria i upande wake. Vivyo hivyo mume asiuze makao ya nyumba bila idhini ya mkewe. Dai idhini hiyo kwa maandishi.

Tatu, tofautisha hati ya ardhi na cheti cha hisa. Cheti cha hisa chasema kwamba mtu ni mwanachama wa kampuni; hakisemi kwamba kipande fulani ni chake. Ikiwa shamba zima lingali na hati moja, na ugawaji haujakubaliwa wala kuandikwa, kile uonyeshwacho kwa kigingi cha mti ni ahadi tu.

Nne, pima. Watu husema "moja ya nane" wakionyesha ploti ya futi 50 kwa 100. Hebu tufanye hesabu tuliyofundishwa shuleni. Ploti hiyo ina futi za mraba 5,000. Eka moja ina futi za mraba 43,560, na sehemu yake ya nane ni 5,445. Basi mnunuzi amelipia moja ya nane akapewa pungufu kwa futi 445, ambazo zingetosha vyumba vinne vya kupangisha vya futi 10 kwa 10. Mwite mpima ardhi, aulinganishe uwanja na ramani ya rejista.

Tano, nalo ni kubwa kuliko yote kwa watu wa mashambani, ni Bodi ya Ardhi. Sheria ya mwaka 1967 yasema kwamba uuzaji wa ardhi ya kilimo ni batili usipopata kibali cha Bodi, na maombi yapelekwe katika muda wa miezi sita tangu mapatano kufanywa. Mfikirieni mtu aliyelipa kidogo kidogo kwa miaka mitatu, akajenga, akapanda ndizi, akamzika mtoto wake hapo, na siku zote karatasi yake ni ile iliyotiwa sahihi mbele ya mzee wa mtaa. Bei ya ardhi imepanda, na muuzaji amegeuka. Mahakama nyingine zimewasaidia watu kama hao kwa ajili ya haki, nyingine zimekataa. Sheria yenyewe yampa haki ya kudai fedha yake irudishwe kama deni. Lakini fedha ya miaka mitatu iliyopita hainunui ardhi ya leo. Huu si uhaba wa mashahidi. Mashahidi walikuwapo kumi. Kilichokosekana ni safari moja ya kwenda mbele ya Bodi.

Sita, ukipata kibali, lipa ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ya thamani mjini na asilimia 2 mashambani, ukaandikishe jina lako. Mtu asiyeandikishwa bado hajanunua. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wapo pia wana wetu walioko Uarabuni, Uingereza na Marekani, ambao huleta fedha ili ndugu zao wawanunulie ploti hapa Kitale au kule Kanduyi. Wengine hurudi wakaikuta ploti imeandikwa jina la ndugu, au haipo kabisa. Wajue kwamba mwakilishi apewa mamlaka kwa hati ya uwakili iliyoandikishwa, si kwa simu. Tena wajue jambo la uraia. Katiba ya mwaka 2010 yasema kwamba asiye raia aweza kukodi ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, lakini hawezi kuwa mwenyewe wa milele. Na Bodi hairuhusiwi kumpa ardhi ya kilimo, isipokuwa kwa msamaha maalumu. Mkenya wa kuzaliwa apataye uraia wa nchi nyingine sasa hapotezi wake. Lakini aliyeupoteza kabla ya Katiba hiyo yampasa kuomba arudishiwe. Na afanye hivyo kabla ya kununua, si baadaye.

Huenda mzee mmoja ataniuliza: Je, karani, wasema kwamba wazee hawana kazi tena? Hasha. Karatasi humlinda mtu mbele ya mahakama, lakini ni jirani amlindaye usiku. Tulio wakubwa twakumbuka machafuko ya mwaka 1992, na tena ya mwanzo wa mwaka 2008, watu walipoacha nyumba zao katika sehemu hii wakalala katika makambi. Wengine wao walikuwa na hati safi mifukoni. Kwa hiyo mgeni anunuaye aende akawasalimu majirani kabla ya kununua, awaulize habari za mpaka na za njia ya maji, na wazee wawepo. Hao ndio watakaomwambia kwamba shamba lina ugomvi ambao rejista haijaandika. Ofisi yajua jina. Jirani ajua ugomvi. Mwenye busara huuliza kote kuwili, lakini huanza na ofisi.

Bwana Mwenyekiti, naomba kuleta mbele ya Mkutano mapendekezo matatu.

La kwanza: Chama kichague wanachama watano, wazee watatu na vijana wawili wajuao kusoma Kiingereza cha sheria, ambao mwanachama yeyote atakayenunua ardhi ataweza kuwaomba wafuatane naye ofisini na kwa majirani kabla ya kutoa fedha.

La pili: mkopo wowote wa Chama kwa ajili ya kununua ardhi usitolewe mpaka karatasi ya upekuzi iletwe mezani kwa Mweka Hazina.

La tatu: wazee wetu wasitie sahihi ya ushahidi katika mapatano ya ardhi mpaka wameiona karatasi hiyo kwa macho yao. Sahihi ya mzee ni kitu cha heshima. Muuzaji mjanja aijua thamani yake kuliko sisi, ndiyo maana huitafuta mapema, ili mgeni aone jina la mzee na asiulize zaidi. Mzee akikataa kutia sahihi, mgeni ataamka na kwenda ofisini. Na pengine kukataa huko kutakuwa kumemwokolea akiba ya miaka kumi.

Najua kwamba pendekezo la tatu ni zito, kwa maana lamtaka mzee amwambie rafiki yake "ngoja". Lakini naliacha mikononi mwenu mlijadili, na mkiona yafaa, mlipigie kura leo.